Usingizi wa Mtoto wa Vidya

Siku Kailash alipokuja kunitafuta Bungoma, nilikuwa nimebeba mtoto wa mtu kila mkono. Walikuwa mapacha wa siku mbili, na mama yao alikuwa amepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Sista Waruguru, mkunga mwenye ile nyumba ya uzazi, akachungulia mlangoni.

"Edah," akaniambia kwa sauti ya chini, "kuna Mhindi mmoja kwa geti. Ati hawezi kwenda bila kukuona."

Sikuuliza jina. Miaka mitatu nilikuwa nimejizoeza kutomfikiria asubuhi, kisha kutomfikiria jioni, na mwaka huo wa 1992 nilikuwa nimefika mahali ambapo niliweza kupiga pasi nguo zote za wiki bila jina lake kunipitia kichwani. Kumbe kazi yote hiyo ilikuwa bure. Nikawalaza wale watoto kando ya mama yao. Nikavua aproni, nikaivaa tena, nikatoka.

Alikuwa amesimama kando ya pikapu yake ya kijivu, mikono mifukoni. Alikuwa amekonda. Nywele za juu ya masikio zilikuwa zimeanza kuota mvi, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na miwili tu. Alinitazama jinsi alivyozoea kunitazama zamani, kwanza macho, halafu mikono, halafu macho tena.

"Habari yako, Edah."

"Nzuri. Habari ya Kitale?"

"Kitale iko."

"Na mama?"

"Yuko." Akatazama chini. "Vidya amejifungua. Mvulana. Leo ana wiki tano."

Vidya alikuwa dada yake mdogo, na katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa akinipenda waziwazi. Moyo wangu ulifurahi kabla sijaukataza.

"Mpe hongera."

"Utampa mwenyewe ukikubali." Akatoa mikono mifukoni. "Bwana yake yuko kazini Uingereza, na kule mama mkwe ni mgonjwa sana. Anataka kuona sura ya mjukuu. Rafiki ya baba, Mzee Balwant, anasafiri kesho, na picha lazima iwe mkononi mwake kesho asubuhi. Nimemaliza filamu tatu. Mtoto analia tu. Taa ya flashi ikiwaka anaruka kama amechomwa. Vidya analia, Ba analia, mimi natetemeka. Hakuna mtu mwingine anaweza, Edah. Nimefikiria usiku wote, hakuna."

Ba ndivyo walivyomwita mama yao, Bi. Shakuntala.

"Kwa hivyo umekuja kwa sababu ya mtoto," nikasema.

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, mtoto mmoja akaanza kulia na mwingine akamfuata. Kailash alisikiliza kilio hicho kana kwamba kingemsaidia kujibu.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kwa sababu ya mtoto."

Angenidanganya ningerudi ndani. Ukweli wake ulinichoma, lakini ndio ulionipeleka kwa Sista Waruguru kuomba ruhusa ya mchana.

Tulipita njia ya Kimilili. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili, yametoa mbelewele, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yametuama kando ya barabara. Kailash aliendesha akitazama barabara. Nami nilitazama nje ya dirisha, maana nikitazama ndani ningeona vidole vyake kwenye usukani, na vidole vile nilivijua mno.

Tulianza hivi. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi Kitale, na akina mama wengi walionijua wodini waliniomba niwasindikize studio ya picha ya akina Kailash wakitaka kumpiga mtoto picha yake ya kwanza. Mzee Mahesh, baba yake Kailash, akanichungulia siku moja nikimtuliza mtoto aliyekuwa amewashinda watu watano. Akaniuliza kama ningeweza kuja kila Alhamisi mchana. Nikaja. Mzee alikuwa tayari mikono inamtetemeka, kwa hiyo aliyeshika kamera alikuwa Kailash.

Mbele ya mtoto mchanga aliyelala huwezi kupiga domo. Basi mimi na Kailash tukajifunza kuongea kwa vidole. Kidole kimoja, ngoja. Viwili, sogea. Kiganja wazi, piga. Miezi minane tulifanya kazi hivyo, tukitazamana juu ya vichwa vya watoto wa watu, kabla hajanigusa hata bega. Mzee Mahesh alipofariki, Kailash alikuja kusimama karibu yangu kwenye mlango wa chumba cha giza, pale anaposafishia picha, akanishika mikono yote miwili na kulia. Hatukuachana tena mpaka siku Bi. Shakuntala alipofungua mlango ule ule na kutukuta.

Hakufoka. Aliniambia tu, "Kesho usije." Nikamtazama Kailash. Alikuwa ameshika trei ya dawa ya picha, na hakuiweka chini, wala hakusema chochote. Nikachukua sweta yangu nikaenda zangu. Wiki iliyofuata nikarudi kwetu Kanduyi, kando ya Bungoma, kwa baba yangu.

Tulipofika Kitale saa ilikuwa inakaribia saba. Bi. Shakuntala alikuwa nyuma ya kaunta ya studio, katika sari yake nyeupe ya ujane. Alikuwa amezeeka ghafla, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, Mama. Habari ya siku nyingi."

"Mtoto iko juu."

Nilimsikia kabla ya kupanda ngazi. Si kilio cha njaa, wala si cha tumbo. Kilikuwa kile kilio cha mtoto aliyechoka hadi amesahau jinsi ya kulala. Vidya aliponiona akasema, "Dada Edah," kisha akashindwa kuendelea.

"Wacha, mama. Kaa chini kwanza. Ni nani amembeba tangu asubuhi?"

"Sisi wote. Akilia kwa huyu, anachukua huyu."

"Hapo ndipo shida. Amepita mikono mingi. Sasa atakaa na wewe peke yako. Vua bangili. Hayo marashi uliyojipaka, nawa shingoni utoe. Yeye anajua harufu yako tu, na leo hajaipata."

Nikampa kila mtu kazi, kwa sababu mtu asiye na kazi huogopa, na mtoto husikia moyo wa mtu anayeogopa. Kailash nikamtuma alete jiko la makaa likiwa tayari limeshika moto vizuri. Tukakipasha joto chumba kile madirisha yakiwa wazi, kisha likatolewa nje, tukafunga. Nilitaka chumba kiwe na joto la kumtosha mtoto uchi, si la kututosha sisi tuliovaa nguo. Mapazia mazito nikayafungua, nikaacha lile jeupe jepesi tu.

"Utapiga bila flashi," nikamwambia Kailash.

"Bila flashi nitahitaji karibu sekunde nzima. Akitikisika kidogo tu, picha imekwenda."

"Hatatikisika."

"Una hakika?"

"Wewe tayarisha kamera yako."

Vidya akamnyonyesha hadi mtoto akaachia mwenyewe. Nikampokea, nikamweka begani mpaka akacheua, kisha nikamfunga vizuri katika shali aliyokuwa ameivaa mama yake usiku, mikono imekunjwa kifuani, miguu imekunjwa jinsi ilivyokuwa tumboni. Nikamshika makalio kwa mkono mmoja na kuanza kumnong'onezea sikioni "shhh," ndefu, isiyokatika. Kilio kikapungua. Kikaanza tena. Kikapungua.

Bi. Shakuntala alikuwa amesimama pembeni, ameziba mdomo kwa mkono. Niliona kila mara mtoto alipolia alisogea hatua moja, halafu akajizuia. Ningeweza kumwomba atoke. Nilikuwa na haki, na Kailash angemtoa. Lakini nilimwona vile alivyo, mwanamke katika nyumba yake mwenyewe ambaye tangu niingie hakuna aliyemwachia nafasi ya kumshika mjukuu wake.

"Mama," nikamwita, "Kailash akiwa mdogo ulikuwa unamwimbia nini?"

Akashtuka. "Nimesahau."

"Jaribu. Polepole. Kaa hapa karibu na mimi."

Akakaa. Alianza kwa sauti iliyokauka, maneno ya kwao nisiyoyaelewa, akakosea, akarudi nyuma, akaanza tena. Mara ya tatu wimbo ukakaa. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake muda wote ule. Mwili wa mtoto ukalegea mikononi mwangu kidogo kidogo. Vidya alikuwa akilia kimya, na Kailash alikuwa ameinamia kamera, lakini hakuwa akitazama ndani yake.

Kope za mtoto zilikuwa zinachezacheza. Nikainua kidole kimoja. Ngoja.

Mtoto mchanga ana usingizi wa aina mbili. Ule wa kwanza ni mwepesi, kope zinacheza, mdomo unacheka na kukunjika. Ukimlaza hapo umempoteza. Wa pili huja baada ya robo saa, wakati mwingine zaidi, na ukiinua mkono wake unaanguka wenyewe, mzito, kama si wake. Tulingoja. Wimbo ukaisha na kuanza upya. Nilipoinua macho nilimkuta Kailash ananitazama, na hakuyaondoa macho yake, wala mimi sikuyaondoa yangu. Mama yake alikuwa kando yangu, dada yake mbele yangu, mtoto kifuani pangu, na bado tulitazamana kama watu waliobaki peke yao duniani. Nikajua hapo kwamba ile miaka mitatu haikunisaidia chochote.

Nikainua mkono wa mtoto. Ukaanguka.

Vidole viwili. Kailash akasogea. Nikamlaza mtoto juu ya blanketi nyeupe karibu na dirisha, makalio kwanza, mgongo, kichwa mwisho. Nikafungua shali taratibu. Kiganja changu kilibaki kifuani pake, na hapo nikaanza kukiondoa, kidole kimoja kimoja, nikiacha joto la mkono likae kidogo kila mara. Kidole cha mwisho kilipotoka, mtoto akavuta pumzi ndefu na kuweka ngumi yake chini ya shavu, mwenyewe, bila kupangwa na mtu.

Nikafungua kiganja. Kailash akazuia pumzi, akapiga. Akapiga tena. Alipiga sita, na katika ya sita mtoto alitabasamu usingizini.

Bi. Shakuntala alikuwa bado anaimba, kwa midomo tu, bila sauti.

Kailash alipoingia chumba cha giza kusafisha filamu, mama yake akaniita jikoni. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Katika muda wote niliofanya kazi pale sikuwahi kukaa kwenye jiko lile.

"Kazi wewe najua," akasema.

"Asante, Mama."

"Mwezi kesho Vidya naenda kwa bwana yake. Mtoto naenda. Mzee Mahesh alishakwenda. Mimi nabaki na huyu mmoja."

"Najua, Mama."

"Hujui." Akakaa mbele yangu. "Yeye akioa wewe, sisi hatuitwi tena. Arusi ya watu, hatuitwi. Hekaluni mimi nitakaa, upande hii hakuna mtu, upande hii hakuna mtu. Mimi mzee sasa. Mimi nitaongea na nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeyatungia majibu, mazuri kweli, mengine nikiwa nafua, mengine nikiwa nachota maji. Kwa woga wa mwanamke mzee sikuwa nimetunga jibu lolote.

"Wasichana wanne mimi nimeonyesha yeye," akaendelea. "Kisumu, Eldoret, Nakuru. Anakunywa chai kwao, anasema asante, anarudi. Mimi nikisema wacha huyu Edah, hasikii. Wewe ukisema hapana, atasikia. Sema yeye hapana. Mimi naomba wewe."

Alisema hivyo akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nikafikiria maisha yangu yangekuwa mepesi kiasi gani kama ningeweza kumpa alichokiomba.

"Mama," nikasema, "kama ningekuwa na hapana ndani yangu ningemwambia leo. Siwezi kumpa ya kuazima."

"Basi utasema ndiyo."

"Kwa nani? Hajaniuliza kitu. Siku ile uliponifukuza hakusema kitu, na tangu siku ile hajaniuliza kitu."

Bi. Shakuntala aliachia ukingo wa meza. Nadhani hakuwa amewahi kufikiria kwamba mwanawe alinikosea na mimi pia. Akainuka, akanisukumia sahani ya chapati.

Nilipoondoka Vidya alinikumbatia mlangoni, picha ya kumpa Mzee Balwant tayari mkononi mwake, na mtoto alikuwa bado amelala.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa Mlima Elgon tuliporudi. Tulipita Kimilili.

"Ba amekuambia nini?" Kailash akauliza hatimaye.

"Ameniambia anavyoogopa."

"Na akakuomba nini?"

"Nikukatae."

Mikono yake ikakaza usukani. "Ukamwambia?"

"Nikamwambia siwezi kumkataa mtu ambaye hajaniomba."

Akapunguza mwendo. "Ile siku," akasema, "nilikuwa nimeshika trei. Nilijua nikiiweka chini lazima niseme kitu. Basi nikaendelea kuishika. Edah, mimi bado nimesimama pale. Nafungua duka, nafunga duka, napiga watu picha, lakini niko pale pale na ile trei."

"Ungeniandikia."

"Nilikuja. Mara mbili nimefika kwa ile geti ya Sista Waruguru. Mwezi wa tatu mwaka jana, na tena Krismasi. Nikazima gari. Nikawasha. Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Ungeniuliza nimekuja kufanya nini, na sikuwa na jibu."

"Na leo?"

"Leo nilikuwa na mtoto wa Vidya."

Nikacheka, na kicheko kikatoka na machozi, nikayafuta kwa upindo wa sweta. Yeye naye akacheka kidogo. Tulikuwa tumekaribia Kanduyi. Nilimwambia asimamishe gari.

"Jumamosi wazee wa mwalimu Wakhungu wanakuja kwetu na posa," nikasema. "Baba ameshawakubalia."

Akageuka kunitazama. "Unamtaka?"

"Ni mtu mzuri."

"Sijauliza kama ni mzuri."

"Huna haki ya kuuliza hilo lingine."

"Najua sina." Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Niambie nifanye nini."

"Hapana. Hiyo ndiyo sitafanya. Mtoto nitakulazia, Kailash, hata wa pili nitakulazia. Lakini hili sitakushika mkono. Nyumba ya baba yangu unaijua. Mtu anayenitaka anapiga hodi mchana, baba akiwepo, anasema anachotaka kwa mdomo wake."

"Na Ba?"

"Ni mama yako. Hilo sina jibu lake."

Mkono wake ukainuka kuelekea shavu langu, ukasimama katikati. Ulikuwa umbali wa kiganja. Ningeinamisha kichwa kidogo tu ungefika, na mwili wangu wote ulitaka kuinama. Nikafungua mlango, nikashuka, nikatembea bila kugeuka. Gari halikuondoka hadi nilipokata kona ya kwetu.

Ijumaa, baada ya kazi, nilikwenda shuleni kwa Wakhungu. Nilimkuta darasani peke yake akisahihisha madaftari, vidole vimejaa wino mwekundu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye cheko la ghafla. Wanafunzi wake walimpenda. Ningeweza kuishi naye vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nimekuja kukuambia kesho wazee wasije."

Akaweka kalamu chini. "Kuna shida nyumbani?"

"Shida ni mimi."

Akanisoma usoni. "Ni yule wa Kitale. Watu walisema waliona pikapu."

"Ni yeye."

"Amekuomba?"

"Hajaniomba. Huenda asije hata siku moja."

"Ngoja nielewe. Unanikataa kwa sababu ya mtu ambaye huenda asije?"

"Nakukataa kwa sababu ningekaa kwako nikisikiliza magari ya barabarani. Ningekupikia, ningekuzalia, na bado ningesikiliza. Wewe si mtu wa kufanyiwa hivyo."

Akapangusa vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa uangalifu sana, kama mtu aliyepewa kazi ngumu.

"Ungeniambia baada ya arusi ningekuchukia, bana," akasema. "Sasa hata hiyo umeninyima." Akavuta daftari lingine. "Nenda, Edah. Wazee nitawaambia mimi."

Baba sikumficha. Nilimweleza jioni hiyo hiyo, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwacha mwarimu," akasema, maana ulimi wake siku zote ulimgeuza mwalimu kuwa mwarimu, "mtu tunajua kwao, tunajua kanisa yao. Sasa unangoja huyo Mhindi. Hao watu wanakaa kwao na sisi tunakaa kwetu. Hata akikuoa, si watakuweka nyuma ya duka?"

"Sijui, Baba."

"Na asipokuja?"

"Nitaendelea na kazi yangu kwa Sista Waruguru."

"Hiyo ni maisha?"

Tangu mama yangu afariki nilikuwa mimi na baba, Mzee Wekoye, tu katika nyumba ile, na hatukuwa tumezoea kulala tumenuniana. Usiku huo tulilala hivyo.

Jumamosi Baba aliamka hasemi nami. Alipalilia maharagwe nyuma ya nyumba, akala, akarudi kupalilia. Nilifua. Nilifagia uwanja mara mbili. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilinisimamisha, na kila lililopita lilinikalisha. Lori la mbao. Landrova ya misheni. Basi la kwenda Malaba. Saa nane ilipita, saa ambayo wazee wa Wakhungu wangekuwa wamekaa sebuleni kwetu. Saa tisa ikapita. Nilijiambia kwamba niliahidi kuendelea na kazi yangu, basi nianze sasa, nikachukua aproni zangu za Jumatatu nikaanza kuzipiga pasi. Aproni moja niliipiga pasi mara tatu.

Saa kumi gari likasimama.

Nilitoka hadi mlangoni, nikashindwa kwenda mbele zaidi. Kailash alishuka. Alikuwa amevaa suti, ile ya mazishi ya baba yake, na ilikuwa imemlegea. Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akanyoosha mkono. Bi. Shakuntala akashuka katika sari yake nyeupe, akasimama kwenye vumbi la uwanja wetu akiangalia nyumba, kibanda cha kuku, nguo zangu kwenye kamba.

Baba akaja kutoka shambani, jembe begani. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Kailash ndiye aliyeanza, na sauti yake ilitetemeka, lakini haikukatika.

"Mzee, mimi ni Kailash mtoto wa Mahesh. Nimekuja kwa sababu ya Edah. Miaka mitatu iliyopita mama alimfukuza kazi mbele yangu, na mimi nikanyamaza. Nilimkosea. Nampenda, na nataka kumwoa, na sitaki kumficha mahali. Kama unakataa, nitarudi Jumamosi ingine niseme tena."

Baba aliteremsha jembe, akaliegemeza ukutani, kisha akamgeukia Bi. Shakuntala.

"Na wewe, mama, umekuja kusema nini?"

"Mimi sijakubali," Bi. Shakuntala akasema. "Yeye alisema naenda na mimi au bila mimi. Mimi nimekuja kuona nyumba."

"Hata mimi sijakubali."

Wakatazamana, mzee mwenye udongo mikononi na mwanamke mwenye sari nyeupe, kila mmoja akipima woga wa mwenzake. Kailash alikuwa ananitazama mimi, na nilihisi machozi yakinishuka mpaka kidevuni, nikayaacha.

Baba akakung'uta udongo viganjani, akafungua milango yote miwili.

"Karibu ndani, mama," akasema. "Tukatae tukiwa tumekaa."

Bi. Shakuntala akainua upindo wa sari yake usiburute chini, akapita mbele yetu sote, akaingia.